Taa Hazisikii: Mwongozo Kamili wa Kurudisha Kidhibiti cha Nyumba kwenye Mtandao

Simu huingia asubuhi, umeme ukiwa umerudi usiku wa manane. "Fundi, taa hazisikii." Nasalimia kwanza, halafu nauliza swali moja: swichi ya ukutani inawasha? Ikiwasha, najua nyaya za nyumba ni nzima, na kilichokatika ni mazungumzo kati ya kidhibiti, yaani kile kiboksi kinachoamuru taa na plagi, na ruta inayotoa Wi-Fi. Katika nyumba nilizofunga mimi hapa Dar es Salaam, mara nyingi kidhibiti hakijafa wala hakijaharibika. Kimehama anwani, na simu bado inabisha hodi kwenye nyumba ya zamani.

Nitatumia mfano wa Home Assistant kwa sababu ndiyo ninayoifunga. Ni programu huria iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, na inakaa ndani ya nyumba yako badala ya kutegemea seva ya mtu ng'ambo. Huwa naiweka kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, na mteja akijiweza namfungia Home Assistant Green, kiboksi kinachokuja na programu hiyo tayari. Ukiwa na kiboksi cha aina nyingine, namba za milango, zile za mwisho wa anwani kama 8123, zitakuwa tofauti, lakini njia ya kumsaka mkosaji ni ileile: umeme, waya, anwani, kuwa mtandao mmoja, simu, na intaneti mwisho kabisa. Wengi huanza na intaneti. Wengine, na hawa ndio wananiletea kazi kubwa, huanza kwa kubonyeza kitufe cha kufuta kila kitu. Usikiguse. Kufuta hakukazi waya uliolegea, na utashinda kutwa nzima ukiunganisha upya balbu moja moja.

Dakika tano za kwanza: jua umekwama wapi

Chukua simu, hakikisha iko kwenye Wi-Fi ya nyumbani, kisha zima data. Hili la kuzima data si urembo: simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti hukimbilia data kimyakimya, na hapo unakuwa unatafuta kiboksi cha sebuleni kupitia mnara wa simu.

Fungua kivinjari, uandike mwenyewe kwa ukamilifu:

1. http://homeassistant.local:8123
2. Ikikataa, weka namba ya anwani (kuitafuta nitaeleza chini) badala ya jina, mfano http://192.168.1.14:8123
3. Ikikataa tena, badilisha mwisho: http://192.168.1.14:4357

Angalia sana hiyo http. Vivinjari vya siku hizi hupenda kuongeza herufi s vyenyewe, na kiboksi ambacho hakijawekewa cheti cha usalama hakitajibu. Nimewahi kuona mtu ananunua ruta mpya kwa sababu ya herufi moja.

Sasa soma majibu. Jina likikataa na namba ikakubali, kiboksi kipo na mtandao upo, tatizo ni utambuzi wa jina tu. Mlango 8123 ukinyamaza huku 4357 ukifunguka, mtandao hauna kosa: ule ukurasa mdogo ni wa mlinzi anayeisimamia programu, na anakwambia kuwa mashine iko hai ila programu yenyewe haijasimama. Ipe dakika kumi, hasa kama ilikuwa inasasisha, kabla hujaendelea. Kivinjari kikifungua lakini programu ya simu haifungui, ruka hadi sehemu ya simu hapo chini. Na kama vyote vimekaa kimya, twende taratibu.

Umeme, na kile unachodhani ni umeme

Kwenye Raspberry Pi 4 kuna taa mbili. Nyekundu inasema umeme umefika. Ya kijani huchezacheza kadi ya kumbukumbu inaposomwa. Nyekundu ikiwaka tuli na kijani ikacheza, songa mbele. Nyekundu ikiwa inazimika na kuwaka, umeme unaofika umeshuka chini ya volti 4.63, na huyo ndiye mkosaji anayejificha kuliko wote. Kiboksi kitaanza vizuri, kitafanya kazi saa mbili, kisha Wi-Fi yake au kijiti cha Zigbee, kile cha USB kinachoongea na balbu na sensa bila Wi-Fi, kitapotea na kurudi, nawe utaapa ni mtandao. Pi 4 inataka adapta ya volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu iliyolala kwenye droo haitoshi, hata kama kichwa chake kinaingia.

Nyekundu ikiwaka na kijani isicheze kabisa, shida ni kadi. Kadi ikikatiwa umeme mara kwa mara katikati ya kuandika huishia kuoza. Hapo hakuna ujanja wa mtandao utakaokusaidia: kadi mpya, au bora diski ndogo ya SSD, kisha rudisha nakala yako ya akiba. Kama huna nakala ya akiba, pole.

Waya

Msimamo wangu ni huu na sibadiliki: kidhibiti kikae kwenye waya. Kitu kisichohama hakina sababu ya kuishi hewani. Home Assistant Green hata Wi-Fi haina, na sijawahi kuona hiyo kama kasoro.

Tazama tundu la mtandao lililo nyuma ya kiboksi. Lina vitaa vidogo. Vikiwa vimezimika kabisa wakati ruta inawaka, waya haujashika. Chomoa, chomeka mpaka usikie mlio wa "tk". Ukiwa bado giza, chukua waya mfupi unaoujua kuwa mzima, tuseme uliokuja na ruta, kisogeze kiboksi karibu na ruta na uchomeke moja kwa moja, bila swichi katikati. Jaribu matundu mawili tofauti, ila epuka lile lenye rangi yake pekee au lililoandikwa WAN. Hilo ni la intaneti kuingia, siyo la vifaa vya nyumbani.

Vitaa vikiwaka kwa waya mfupi, umepata jibu: waya wa ukutani. Tuliojenga tukipitisha waya darini tunajua panya anavyofanya, lakini kuna adui mwingine dukani, ule waya wa bei poa ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika kwenye kichwa kila ukiukunja. Kwangua ncha ya uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, umeuziwa alumini.

Anwani: hapa ndipo penye kazi

Kila kifaa kwenye mtandao wa nyumbani kina anwani, mfano 192.168.1.14. Namba tatu za mwanzo zichukulie kama mtaa, ya mwisho namba ya nyumba. Vifaa vya mtaa mmoja vinaongea bila msaada. Anayegawa namba za nyumba ni ruta, kwa utaratibu unaoitwa DHCP.

Umeme ukikatika, ruta nyingi za majumbani husahau daftari lote la ugawaji. Umeme ukirudi, kila kifaa kinapanga foleni upya, na aliyewahi ndiye anayehudumiwa kwanza. Faiba huchukua dakika mbili tatu kusimama sawasawa. Kama kati ya kiboksi na ruta kuna swichi, kiboksi kitaona waya una uhai, kitaomba anwani, hakuna wa kumjibu, na wakati mwingine hubaki hivyo hivyo bila anwani mpaka ukiwashe upya. Ndiyo maana dawa ya kwanza ninayompa mteja kwenye simu ni hii: zima kiboksi, acha ruta iwake dakika tano, halafu washa kiboksi. Nusu ya simu za asubuhi huishia hapo.

Ikigoma, tafuta anwani mpya. Njia ni tatu, nazipanga kwa urahisi.

Ya kwanza ni ukurasa wa ruta. Kujua anwani ya ruta, kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri na uandike ipconfig, kisha usome mstari wa Default Gateway. Kwenye simu iko ndani ya maelezo ya Wi-Fi uliyounganishwa. Ruta nyingi hukaa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, vile viruta vya laini ya simu vya Huawei hupenda 192.168.8.1, na visanduku vyao vya faiba 192.168.100.1. Ingia, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, utafute jina homeassistant.

Kama majina hayaonekani, angalia anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, zile jozi sita za herufi na tarakimu. Raspberry Pi nyingi huanza na B8:27:EB, DC:A6:32, E4:5F:01 au D8:3A:DD. Ukikuta mojawapo, mtu wako ni huyo.

Njia ya pili ni kuchomeka skrini na kibodi kwenye Pi yenyewe. Home Assistant ikimaliza kuwaka huandika anwani yake pale pale kwenye skrini. Ukitaka undani zaidi andika network info. Ukiona anwani inaanza na 169.254, maana yake kiboksi kiliomba namba, hakikujibiwa, kikajipachika yake. Rudi kwenye waya au kwenye ruta, kwa sababu kiboksi hakina kosa.

Ya tatu ni programu za kuskani mtandao, za simu, za bure. Zinafaa, ila usiishie kwenye orodha yake bila kulinganisha MAC.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuumbuka. Nyumba moja ya ghorofa, anwani ya kiboksi nilikuwa nimeiandika kwenye daftari langu: 192.168.1.14. Nikaipiga ping, amri ya kuiuliza anwani kama kuna mtu, ikajibu mara nne kati ya nne, haraka, chini ya milisekunde tatu. Nikajiambia mtandao uko safi, shida ni programu. Nikakaa chini na kuanza kusoma kumbukumbu za mfumo, nikakosa hata pa kuingilia, nikaanza kufikiria kadi mpya. Baada ya karibu saa nzima mtoto wa nyumba akazima televisheni ili asome. Ping ikakata palepale. Anwani yangu ya 14 ilikuwa imekwishapewa televisheni ya sebuleni, na kiboksi kilikuwa kimekaa 192.168.1.23 kikinisubiri kwa upole.

Tangu siku hiyo, baada ya ping, huandika arp -a kwenye kompyuta na kusoma MAC iliyo kando ya ile namba. Jibu la ping linathibitisha kuwa kuna mtu ndani. Halisemi ni nani.

Kuifunga anwani isihame tena

Ukishakipata kiboksi, kifungie namba. Hapa mafundi tunabishana. Kuna wanaoiandika anwani ndani ya kiboksi chenyewe. Mimi naifunga kwenye ruta, na nina sababu.

Mteja mmoja alikuwa na ruta ya laini ya simu, mtaa wa 192.168.8. Fundi aliyenitangulia aliandika ndani ya kiboksi 192.168.8.50. Faiba ilipofika mtaani, ruta ikabadilishwa, mtaa ukawa 192.168.100, na kiboksi kikabaki kimeng'ang'ania namba ya mtaa usiokuwepo. Kingekuwa kinaomba kwa ruta, kingepata namba mpya siku hiyo hiyo.

Utaratibu wa kufunga kwenye ruta:

1. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya LAN au DHCP. Humo kuna pa kuweka akiba ya anwani, kwa kawaida pameandikwa Address Reservation au Static DHCP.
2. Chagua kiboksi kwenye orodha, au andika MAC yake. Angalizo: Pi ina MAC mbili, moja ya waya na nyingine ya Wi-Fi. Andika ya waya.
3. Mpe namba rahisi kukumbuka, kwa mfano 192.168.1.50. Ruta nyingine zinataka namba hiyo iwe ndani ya fungu linalogawiwa na DHCP, soma maelezo ya ruta yako.
4. Hifadhi, kisha zima na kuwasha kiboksi.
5. Hakikisha kwa ping na arp -a.

Kama uliwahi kukiunganisha kwa Wi-Fi pia, izime ukishaweka waya: Settings, kisha System, kisha Network. Kiboksi chenye miguu miwili mtandaoni kina anwani mbili, na utachanganyikiwa ni ipi uliyoifunga.

Na kama umerithi kiboksi kilichonata kwenye mtaa uliokufa kama yule wa 192.168.8.50, usifute kitu. Chomoa kiboksi kwenye ruta, kichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta kwa waya wa kawaida. Kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta andika kwa mkono anwani 192.168.8.20 na kinyago 255.255.255.0, yaani umeihamishia kompyuta kwenye mtaa wa kiboksi. Zima Wi-Fi ya kompyuta. Fungua http://192.168.8.50:8123, ingia, nenda kwenye Network, rudisha mpangilio wa IPv4 ili kiboksi kijipatie anwani chenyewe kutoka kwa ruta, hifadhi. Ukurasa utakatika hapohapo, usishtuke. Rudisha kompyuta kwenye hali yake ya awali, rudisha waya kwenye ruta. Dakika kumi, na balbu zote zipo.

Nyumba moja, mitandao miwili

Wi-Fi haifiki banda la uani. Mwenye nyumba ananunua ruta ya pili, anavuta waya kutoka ya kwanza, anauchomeka kwenye tundu la WAN la ya pili. Intaneti inafika, kila mtu anafurahi. Ila sasa nyumba ina mitaa miwili, tuseme 192.168.1 sebuleni na 192.168.0 uani, na ukuta katikati yake una mlango unaofunguka upande mmoja tu.

Dalili zake ni za ajabu mpaka uielewe picha. Kiboksi kikiwa kwenye ruta ya kwanza na wewe uko uani, namba itafunguka lakini jina homeassistant.local halitafunguka. Kiboksi kikiwa kwenye ruta ya pili na wewe uko sebuleni, hakuna kitakachofunguka. Ndiyo wale wanaosema "inafanya kazi nikiwa jikoni tu".

Linganisha anwani ya simu na ya kiboksi. Namba tatu za mwanzo zikitofautiana, ruta ya pili igeuze kuwa kisambazaji tu. Nyingi zina hali inayoitwa Access Point, ichague na yamekwisha. Kama haina, badilisha kwanza anwani ya ruta hiyo iwe ya mtaa wa ile kubwa lakini isiyotumika, mfano 192.168.1.2, zima DHCP yake, kisha hamisha waya kutoka tundu la WAN kwenda tundu la kawaida. Fuata mpangilio huo huo. Ukihamisha waya kabla ya kuzima DHCP, utakuwa na wagawaji wawili wa namba katika mtaa mmoja, na huo ugomvi sikuombei.

Mtandao wa wageni nao ni mtaa wa pembeni. Simu ikiwa imejiunga kwenye Wi-Fi ya wageni haitaona kiboksi, na imetengenezwa hivyo kwa makusudi. Kuna pia mpangilio wa ruta wa kuvitenga vifaa vya Wi-Fi visionane, AP Isolation. Ukiwa umewashwa, intaneti inafika vizuri kwenye kila simu lakini vifaa havijuani. Uzime.

Jina linalokataa

Jina lenye .local haliulizwi kwenye seva ya majina ya intaneti. Simu hupaza sauti kwa nyumba nzima, "nani anaitwa homeassistant?", na kiboksi kinaitikia chenyewe. Utaratibu huo unaitwa mDNS, unapita mlango 5353, na hauvuki kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Simu za Android za zamani haziuelewi kwenye kivinjari. VPN iliyowashwa kwenye simu huukatiza pia. Ukishafunga anwani kama nilivyoeleza, tumia namba tu na uachane na jina. Mimi mwenyewe kwa wateja huweka namba.

Balbu na plagi za Wi-Fi zilizobaki nyuma

Kidhibiti kimerudi, lakini plagi tatu hazijarudi. Plagi na swichi nyingi za bei nafuu zinatumia chipu kama ESP8266, ambayo inajua masafa ya 2.4 GHz peke yake. Ukibadilisha ruta, mambo matatu huziacha nje: jina la Wi-Fi limebadilika, masafa ya 2.4 yamezimwa, au usalama umewekwa WPA3 pekee. Mpe ruta mpya jina na nenosiri lilelile la ya zamani, herufi kwa herufi, uweke WPA2 au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Vifaa vitarudi vyenyewe kama kuku jioni.

Kuta zetu za tofali za saruji na zege lenye nondo zinakula mawimbi. Tangi la maji likiwa katikati linakula zaidi. Na tafadhali usifungie ruta wala kiboksi ndani ya kabati la chuma la saketi breka ili "kipendeze". Nimekuta hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kwa wenye Zigbee: kijiti kisichomekwe moja kwa moja kwenye tundu la USB 3, lile la bluu. USB 3 hutoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz. Nunua waya wa kurefusha wa USB, kiweke kijiti mbali kidogo, kwenye tundu jeusi. Utashangaa sensa za chumba cha mwisho zikifufuka.

Simu

Kivinjari kinafungua, programu ya Home Assistant haifungui. Ndani ya mipangilio ya programu kuna anwani mbili: ya ndani na ya nje. Ya ndani iwe namba uliyoifunga, ya nje iwe ile ya ukiwa safarini. Ili programu ijue uko nyumbani, inasoma jina la Wi-Fi, na mifumo ya simu hairuhusu kusoma jina hilo bila ruhusa ya mahali ulipo. Ukiwa uliinyima ruhusa ya mahali, programu itang'ang'ania njia ya nje, na siku bando la nyumbani likiisha taa hazitawaka ingawa kiboksi kiko mita mbili kutoka ulipokaa. Kwenye iPhone kuna ruhusa moja zaidi, ya kufikia mtandao wa ndani. Iwashe.

Intaneti, mwisho kabisa

Kwa kawaida Home Assistant huwasha na kuzima taa zake bila intaneti. Kinachokufa bando likiisha ni vifaa vinavyotegemea seva za nje, utabiri wa hali ya hewa, masasisho na kufikia nyumba ukiwa mbali. Kwa hiyo kama taa za Zigbee zinasikia na plagi fulani tu hazisikii, angalia salio kabla ya kufungua bisibisi.

Kuna kesi moja inayopoteza watu. Pi 4 haina betri ya saa. Ikiwaka bila intaneti inaweza kuamini ni tarehe iliyopita, na seva za nje zitakataa kuongea nayo kwa sababu vyeti vya usalama vinategemea tarehe. Ratiba za taa nazo zitakwenda mrama. Intaneti ikirudi, iache dakika chache isawazishe saa, au iwashe upya.

Wanaotaka kuiona nyumba wakiwa mbali, tuseme mtoto aliye Muscat anayeangalia kama geti la mama limefungwa, wasome kwanza anwani ya WAN kwenye ukurasa wa ruta. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kufungua mlango kwenye ruta hakutafaa kitu. Tumia huduma ya kukupitisha hadi nyumbani: Nabu Casa, ambayo ni ya kulipia, au Tailscale. Hata kama una anwani yako mwenyewe, usiuweke mlango 8123 wazi kwa dunia nzima.

Kabla hujafunga mkoba

Ruta na kiboksi viwekee UPS ndogo, yaani betri ya akiba umeme ukikatika, zile za volti 12 zinazouzwa kwa ajili ya ruta. Soma volti na ampea nyuma ya kila kifaa kabla ya kununua, na kumbuka Pi inataka volti 5, siyo 12. Andika kwenye karatasi anwani ya ruta, ya kiboksi na MAC yake, uibandike ndani ya mlango wa kabati la breka.

Kisha zima meinswichi. Nafanya hivi kila nyumba, na kila nyumba kuna anayelalamika. Mama mmoja wa Tabata aliniangalia kwa mshangao: "Mwanangu, TANESCO hawajanikatia, wewe unanikatia?" Nikamwomba dakika kumi. UPS niliichomoa makusudi, ili vyote vizimike kabisa. Nikawasha, nikamwambia asiguse kitu. Ruta ikacheza taa zake, tukasubiri. Dakika ya nne akachukua simu, akabonyeza, taa ya barazani ikawaka. Akabonyeza tena, ikazima. Akawasha tena, halafu akaingia ndani kuniletea chai.